Pikipiki Iliyojengewa Ukuta

Baba alikuwa munganga wa dispensari yetu ya Lweba, kando ya ziwa, na pikipiki ile alipewa ili afikishe chanjo kwenye vijiji vya mlimani. Vita vya kwanza vilipofika upande wetu, watu walianza kupita barabarani na magodoro vichwani wakielekea kusini. Baba akajua kwamba kitu cha kwanza atakachotafuta mwenye bunduki yeyote ni kitu chenye magurudumu. Akaipaka pikipiki mafuta ya mawese kila mahali chuma kilipoonekana, akaizungushia mikeka, akaisukuma mpaka kwenye ukuta wa nyuma wa jiko letu la nje, kisha akajenga ukuta mwingine mbele yake kwa matofali mabichi. Mama mdogo, ambaye ndiye aliyetulea mimi na dada yangu tangu mama yetu afariki, akaupaka ukuta ule udongo na masizi. Jiko likawa fupi kidogo, basi. Asiyelijua zamani asingeona kitu.

Wenye bunduki wa kwanza waliuliza pikipiki ya dispensari iko wapi. Baba akasema imechukuliwa na waliokimbia, nao wakaenda zao. Waliokuja baadaye hawakuridhika na jibu hilo. Walimpiga kwa vitako vya bunduki pale uani, sisi tukiwa tumekalishwa chini tutazame. Mkono wake wa kulia ulivunjika karibu na kiwiko, nikausikia ukivunjika, na bado alisema maneno yale yale: imechukuliwa. Mkono ulipona ukiwa umepinda. Aliweza kushika kijiko, lakini hakuweza tena kuinua ndoo ya maji.

Tangu siku hiyo sikuweza kuwasha moto jikoni bila kuutupia jicho ukuta ule. Kila mvua iliponyesha niliogopa udongo utabanduka. Kila panya alipokwaruza upande wa pili niliogopa mgeni atauliza ni nini. Wakiigundua pikipiki, watajua kwamba baba aliwadanganya, na tulijua watarudi kumalizia walichokianza.

Vita vya pili vilipoanza, pikipiki ilikuwa bado mle ndani. Askari wengine walikuja, wakafanya shule kuwa kambi yao, wakaweka barieri ya miti barabarani, upande wa kwenda mji wa Baraka. Ziwani walikataza mitumbwi, na walioingia kuvua kwa siri walipigwa risasi wakiwa majini. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa amevuka kwenda Tanzania kutafuta mahali pa kutupokea, halafu njia ikafungwa nyuma yake. Dada akabaki kwetu na mimba yake, ikakua mpaka akawa hawezi kufunga kitenge vizuri.

Uchungu ulimshika asubuhi moja kabla ya umande kukauka. Mwanzoni hatukuhangaika, maana baba alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa Lweba. Lakini nilimwona akimpapasa dada tumboni kwa mkono wa kushoto, akarudia, akarudia tena, kisha akatoka nje kunawa na hakurudi. Nikamfuata. Alikuwa amesimama karibu na mtungi, maji yakimchuruzika vidoleni.

"Mutoto analala ya kukingama," akaniambia. "Kichwa iko huku mu mbavu. Hatatoka."

"Na we hauwezi kumugeuza?"

"Nimejaribu. Inaomba kupasua. Ku Baraka docteur angaliko, banasema. Mimi hapa nikianza, nitabauwa bote mbili."

Mama mdogo alikuwa ametusikia. Akauliza nani atambeba. Machela ilihitaji wanaume wanne wenye nguvu, na wanaume wenye nguvu walikuwa Tanzania, au porini, au walikuwa wamebebeshwa mizigo ya askari na hawakurudi. Hakuna mwanamume angepita barieri akiwa na mabega ya kubebeshwa mizigo. Nadhani wote watatu tulikuwa tunaliwaza jambo moja, na kila mmoja alitaka mwenzake alitamke.

Baba ndiye aliyelitamka. "Tutavunja ukuta."

"Ile kintu iko na miaka mule ndani," mama mdogo akasema. "Itawaka namna gani?"

"Siyue. Tutajaribu."

"Na kelele? Baba, na kelele?"

Kambi ilikuwa karibu kiasi kwamba upepo ukitoka huko tulisikia askari wakigombania karata.

Tulimhamishia dada jikoni, tukamlaza kwenye mkeka karibu na mlango. Baba alisema mtu akichungulia, acha amwone dada kwanza. Kisha tukaanza kutoa matofali kwa mpini wa jembe, moja moja, tukiyaweka chini kama mayai. Harufu iliyotoka mle ilikuwa ya mkojo wa panya na mawese yaliyooza. Mikeka ilikuwa imeliwa na mchwa. Pikipiki yenyewe ilikuwa imegeuka kitu cha rangi ya kahawia, na chini ya kiti panya walikuwa wamejenga kiota cha pamba na vipande vya nguo yetu wenyewe.

Mimi ndiye niliyekuwa na mikono, baba alikuwa na maneno. Kabla ya vita alinifundisha kuiendesha kwenye mchanga wa ufukweni, na watu walicheka kuona msichana juu ya pikipiki. Kuendesha nilikujua. Kufungua na kufunga sikukujua, basi akawa amechuchumaa karibu yangu akiniambia shika hapa, geuza huku, usilazimishe.

Nilikanyaga kiki mara ya kwanza na mguu wangu haukushuka. Ilikuwa kama kukanyaga jiwe.

"Imeshikana," baba akasema. "Kutu iko mu silinda. Inaomba esansi."

Esansi, mafuta ya kuendeshea injini, ilikuwa kwa jirani yetu mzee, mwenye mtumbwi. Injini yake ilikwisha kuporwa, lakini tulijua amebakiza kidogo, ile iliyochanganywa na oili, kwa sababu mke wake alitumia matone yake kufukuza siafu. Mama mdogo akaenda. Nilibaki nikihesabu pumzi za dada, nikisikiliza barabara. Mzee akaja mwenyewe, amevaa kofia yake ya swala, na ndoo ya dagaa mkononi. Chini ya dagaa kulikuwa na kibidoni cha esansi. Alimtazama dada, akaitazama pikipiki.

"Mukikamatwa," akasema, "mi sikuleta kintu hapa."

"Haukuleta," baba akajibu.

"Mungu abasaidie." Akaondoka haraka na ndoo yake, dagaa wamelowa esansi.

Nilifungua buji, kile kidude kinachotoa cheche, nikamimina esansi kidogo katika tundu lake. Tukangoja. Kungoja kule ndiko kulikoniogopesha kuliko kazi. Dada alikuwa amejifunga kanga mdomoni asipige kelele, na macho yake yalinitazama kila yalipofunguka. Kisha baba akasema weka vitesi, yaani gia, tuisukume mbele na nyuma. Tukasukuma, yeye kwa bega, mimi kwa mikono, mama mdogo kwa nyuma. Haikutikisika. Tukasukuma tena. Ghafla kitu ndani kikaachia kwa mlio mdogo kama wa jino linalong'oka, na gurudumu likazunguka.

Kabureta ilikuwa imeziba kwa utomvu mweusi. Niliifungua juu ya sahani, nikavuta kwa mdomo na kupuliza mpaka ulimi ukafa ganzi, nikazibua vitundu vyake kwa kijiti cha ufagio. Matairi yalikuwa yamelala chini kabisa. Pampu ya baba ilikuwa chini ya kitanda chake miaka yote, kwa kuwa hakuna aliyeona faida ya kupora pampu. Nilipoanza kupampu ilitoa sauti kama mbuzi mgonjwa.

"Kelele," mama mdogo akasema tena. "Hii ni pampu tu, na munasikia."

Kisha akatoka bila kutuambia anakokwenda. Aliporudi alikuwa na wanawake nyuma yake, kila mmoja na kinu chake kichwani na mchi begani. Walikuwa majirani zetu, wengine wa kanisa letu, wengine wa upande wa msikitini. Wakapanga vinu uani mbele ya jiko, wakatia sombe, majani ya muhogo, na mihogo mikavu, na mmoja hata hakuwa na kitu, alitia maganda. Wakawasha moto wa kuni mbichi mbali kidogo na mlango, moshi ukatanda. Wakaanza kutwanga. Ardhi ya jikoni ilitetemeka chini ya miguu yangu. Mmoja alianza kuimba kwa Kibembe na wengine wakaitikia, lakini walikuwa wanaimba bila kutabasamu, na macho yao yote yalikuwa barabarani.

"Sasa," baba akasema.

Nikakanyaga. Kimya. Nikakanyaga tena na tena mpaka jasho likanidondoka kwenye tangi. Baba aliniambia nitoe buji, nikaitoa, ilikuwa imelowa. Nikatoka nayo nje, nikaishika kwa vijiti viwili juu ya makaa mpaka ikakauka na kunichoma, nikaikimbiza ndani, nikaifunga. Nikakanyaga. Ikakohoa. Moshi mweupe kidogo ukatoka nyuma.

"Iko hai," baba akanong'ona.

Nikakanyaga kwa uzito wangu wote. Ikapasuka kwa mlipuko mmoja mkavu, paa!, kama bunduki iliyofyatuliwa sikioni.

Vinu vyote vilinyamaza. Nilijikuta nimelala chini, uso wangu kwenye majivu, sijui nilifikaje. Uani wanawake wengine walikuwa wamelala kifudifudi, na mmoja alikuwa ameingia nusu katika kichaka cha mchaichai. Kisha tukasikia kutoka upande wa kambi mtu akiita, na mwingine akijibu.

"Mutwange!" mama mdogo akawaambia kwa sauti ya chini yenye kufoka. "Simameni, mutwange!"

Wakasimama. Michi iligonga kingo za vinu, lakini walitwanga. Baba na mimi tukaifunika pikipiki kwa mabaki ya mikeka na turubai, tukamvuta dada mbele yake. Baba akapiga magoti karibu naye. Mimi nikakaa nyuma ya kichwa cha dada, mgongo wangu umeegemea injini. Ilikuwa na joto, na nilihisi joto lile kama mkono wa mtu.

Askari aliyekuja alikuwa mmoja tu. Nilimwona kupitia nyufa za mlango: kijana mrefu, amevaa kandambili, bunduki ameishika mbele.

"Nani amepiga risasi hapa?"

"Hakuna risasi, baba," mama mdogo akamjibu. Yule askari angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, lakini alimwita baba. "Ni matete ya kuni. Inapasukaka mu moto."

"Matete?"

"Ndiyo, baba. Ikiwa mbichi, inapasuka."

"Na hii harufu ya esansi?"

Nilifikiri ndiyo mwisho. Kichwani nikaona kitako cha bunduki cha siku ile, nikaona mkono wa baba ukivunjika.

"Ni petroli ya taa," mama mdogo akasema. "Tunapakala batoto mu kichwa, juu ya chawa."

"Na bamama bote hawa, kazi gani?"

"Muntu iko anazaa. Tunapika ya kubakaribisha bageni."

Askari akasogea kwenye mlango wa jiko. Kivuli chake kikaingia kabla yake. Dada, ambaye tangu asubuhi alikuwa anauma kanga, akaiachia. Ule ukelele aliopiga sijawahi kuusikia tena kwa mtu. Mpaka leo sijui kama ulikuwa wa uchungu au alikuwa anatuokoa, na nilipomuuliza, yeye pia alisema hajui. Askari akarudi nyuma hatua kadhaa. Kwetu mwanamume haingii palipo na mwanamke anayezaa, na nadhani kwao ilikuwa hivyo pia. Akatema mate, akaelekeza kidole kwenye beseni la unga. Mama mdogo akampa beseni lote. Akaenda nalo, ameliweka kiunoni kama wanavyolibeba wanawake.

Tulingoja mpaka mgongo wake ukapotea. Wanawake hawakuacha kutwanga. Nikainuka, nikaondoa mikeka na turubai, nikafungua esansi, nikavuta pumzi, nikakanyaga. Sikuwa na nguvu tena, nilikanyaga tu kama mtu anayetimiza agizo. Ikawaka.

Ilinguruma, ikayumba, ikataka kufa, nikaifungulia kidogo, ikakaa. Jiko likajaa moshi mpaka sikumwona baba. Nilimsikia tu akisema sikioni mwangu: "Usiiache izime. Hata ikiwa nini, usiiache izime."

Mama mdogo akampandisha dada nyuma yangu, akamfunga kwangu kwa vitenge viwili, kisha akapanda mwenyewe nyuma na kumkumbatia. Baba hakuweza kuja, hakukuwa na nafasi, na mkono wake uliopinda ungemtambulisha kuwa yule munganga wa pikipiki. Tulitokea nyuma ya jiko, tukapita kijia cha mashamba ya mihogo, majani yakitupiga usoni. Nilisikia mchi ukigonga nyuma yetu kwa muda, halafu nikasikia injini tu.

Barabara ilikuwa imeota majani katikati kwa kukosa magari. Kila shimo dada alilia mgongoni kwangu, na kila alipolia nilipunguza mwendo, na kila nilipopunguza injini ilitaka kuzima. Niliogopa kwenda haraka, niliogopa kwenda polepole. Kijia cha mashamba kilikuwa kimetuzungusha kambi, lakini barieri hakikuizunguka, maana mto ulikuwa hapo na kivuko ni kimoja.

Askari wa barieri walikuwa wametusikia zamani. Walikuwa wanne, wamesimama katikati ya njia, bunduki zimetuelekea.

"Zima!"

"Baba, nikizima haitawaka tena," nikasema. "Huyu iko anakufa. Mutoto amekingama. Tunaenda ku hospitali."

"Zima, nasema!"

Sikuwa na ujasiri wa kukataa, ila mkono wangu haukutaka kusogea. Mmoja wao, mwenye kovu kwenye nyusi, akaja, akaninyooshea mkono mbele ya tumbo na kugeuza ufunguo mwenyewe. Kimya kikaanguka. Nikasikia maji ya mto, nikasikia meno ya dada yakigongana.

"Pikipiki hii ya nani?"

Tulikuwa tumepanga jibu na mama mdogo, lakini lilikuwa limenitoka kichwani. Nilisema lililokuja. "Ya bwana yangu. Aliiacha mu shamba wakati wa kukimbia."

"Bwana yako iko wapi?"

"Siyue. Alipotea."

Mwingine akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia kuku, kwamba wachukue pikipiki na sisi tuende kwa miguu. Mama mdogo akateremka, akapiga magoti kwenye matope, akamshika yule mwenye kovu suruali. "Baba, uichukue. Tunakupa. Lakini umufikishe kwanza. Umufikishe, halafu iwe yako." Alirudia hivyo mpaka sauti ikamkauka.

Mwenye kovu akaitazama pikipiki, akamtazama dada. "Mi najua kuendesha," akasema. Akaniambia nishuke. Nikafungua vitenge. Akapanda mbele, dada akafungwa kwake, kwa mtu mwenye bunduki begani, kichwa chake kimelala kwenye bunduki ile. Mama mdogo akapanda nyuma. Askari akakanyaga kiki, akakanyaga tena, na kwa kuwa injini ilikuwa bado na moto, ikawaka. Wakavuka mto, maji yakiruka pembeni, wakapotea.

Nikabaki na watatu. Sijui nielezee vipi. Hawakunigusa. Mmoja aliniuliza kama nina chumvi. Nikasema sina. Akaniambia nenda. Niligeuka na kuanza kutembea, nikisubiri mgongoni kitu ambacho hakikuja, na nilipofika upande wa pili wa mto ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimevuka nikiwa na kandambili moja.

Nilitembea mpaka Baraka. Njia nzima nilitafuta alama ya matairi kwenye mchanga. Nilipoiona nilifurahi, na ilipopotea kwenye changarawe nilitazama vichakani. Nilitazama kila kichaka. Nilikuwa na hakika kwamba nitawaona wamelala humo, dada na mama mdogo, na kila mara nisipowaona hofu haikupungua, ilihamia kichaka kinachofuata. Baraka yenyewe nusu ya nyumba zilikuwa zimefungwa, na watu wachache niliowauliza njia walinionyesha kwa kidevu bila kusimama.

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya hospitali. Aliponiona hakuinuka.

"Amebafikisha?" nikauliza.

"Ametufikisha. Ametushusha hapa, akaenda."

"Na yaya?" nikamuulizia dada.

"Iko mule. Banapasua."

Tulikaa pale. Jua lilikuwa linashuka upande wa milima daktari alipotoka, mtu mwembamba mwenye macho mekundu. Alisema mama yuko hai na mtoto yuko hai, msichana, lakini tusishangilie kwanza. Hatukushangilia. Tuliingia tukamkuta dada amelala, rangi yake imekuwa kama ya udongo, na kile kitoto kimefungwa kitenge cha mama mdogo, kinapumua kwa haraka kama ndege.

Kesho yake asubuhi, nilipokuwa nachota maji uani, nilimwona yule mwenye kovu akiingia getini. Hakuwa na pikipiki. Alikuwa anatazama huku na huku, na aliponiona akaja moja kwa moja. Ndoo ikaniponyoka.

"We," akasema. "Komanda anakuita."

"Mimi? Juu ya nini?"

"Twende tu."

Mwanamke anayeitwa na komanda hurudi tofauti, au harudi. Hilo lilijulikana Baraka nzima, na wagonjwa waliokuwa uani waligeuza nyuso. Mama mdogo akatoka ndani akiwa na damu ya dada kwenye mikono. Akauliza kuna nini, akaambiwa, akajipangusa kwenye kitenge. "Basi tunaenda bote mbili," akasema, na askari hakumkataza.

Pikipiki ilikuwa imesimama mbele ya nyumba ambayo zamani ilikuwa ya mfanyabiashara. Askari wengi walikuwa wameizunguka, na mmoja alikuwa anakanyaga kiki huku wengine wakimcheka. Komanda alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakula ndizi. Hakuwa mtu mkubwa.

"Ni we ulifika nayo?"

"Ndiyo, mukubwa."

"Imekataa. Uiwashe."

Sikujua kama nitaweza. Nilijua tu kwamba nikishindwa, ataanza kuuliza mengine: ya nani, ilikuwa wapi, nani alinifundisha. Nilichuchumaa. Nilifungua buji kwa spana waliyonipa, ikaniteleza ikaanguka, watu wakacheka. Ilikuwa nyeusi kwa masizi. Niliisugua kwenye saruji ya baraza mpaka ncha ikang'aa, nikaomba moto, mtu akanipa kiberiti, nikaikausha. Wakati wote huo mama mdogo alisimama nyuma yangu karibu sana, magoti yake yamegusa mgongo wangu.

Nikaifunga. Nikakanyaga mara mbili bila kitu. Komanda aliacha kutafuna. Mara ya tatu ikawaka, na moshi ukaenda moja kwa moja usoni kwa waliokuwa wanacheka.

"Nani alikufundisha?" komanda akauliza, juu ya kelele.

"Bwana yangu."

"Bwana yako alikuwa fundi mukali." Akatupa ganda la ndizi. "Muende."

Mwenye kovu alitusindikiza mpaka njia panda. Hapo akasimama, akavuta mkanda wa bunduki. "Ule mutoto," akasema, "ni wa kike ao wa kiume?"

"Wa kike," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akarudi alikotoka, na sikumwona tena. Wala pikipiki sikuiona tena. Dada alikaa hospitalini mpaka kidonda kikafunga, na njia ya ziwa ilipofunguliwa kidogo tulirudi Lweba kwa mtumbwi. Baba alikuwa majini mpaka kiunoni akitungoja, kwa kuwa mzee wa mtumbwi alimletea habari kwamba tunakuja. Alimpokea mtoto kwa mkono ule wa kushoto, akamfunua, akamhesabia vidole, akatazama kitovu, kama alivyofanya kwa watoto wa watu wengine wote. Baada ya mwezi tulivuka wote kwenda Tanzania.

Lakini siku ile ya njia panda, tulipobaki wawili, mimi na mama mdogo tulianza kutembea kuelekea hospitali kama watu wanaotoka sokoni, bila kuharakisha, kwa sababu tulijua bado tunaonekana. Tulipita duka lililovunjwa, tukapita kona. Nyuma ya ukuta wa kwanza akanishika bega.

"Simama," akasema. "Miguu haina nguvu."

Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, yeye aliyewaambia wanawake watwange, aliyempigia mwenye bunduki magoti na kumwambia uichukue. Nikaona kitenge chake kimelowa, na haikuwa damu ya dada, ulikuwa mkojo. Nikakaa karibu naye. Tulishikana mikono, mmoja akitetemeka mwenzake akitulia, kisha tukibadilishana, mpaka mwanamke mmoja aliyepita na kuni akatuuliza kama tuna msiba.

"Hapana," mama mdogo akamjibu. "Tunapumuzika tu."